Riwaya pendwa: hadithi zilizowafanya watu waendelee kusoma baada ya shule

Mtu akishamaliza shule, ni kitu gani kinamfanya aendelee kusoma? Kwa Watanzania wengi hakikuwa kitabu cha darasani wala kijarida cha kilimo. Ilikuwa hadithi ya Willy Gamba, ya Joram Kiango au ya Bwana Msa, au hadithi ya mapenzi gazetini iliyokatwa pabaya kwa maneno "itaendelea wiki ijayo".

Hadithi za namna hiyo huitwa riwaya pendwa. Leo nyingi zinasomwa kwenye simu, hata Munisagara, kwenye kituo cha reli ya kati katika bonde la mto Mkondoa, na hata Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Makala hii inaeleza riwaya pendwa ni nini, zilianzaje, kila aina inamwahidi nini msomaji, na mambo ya kuangalia kabla hujalipia hadithi au kumpa mtoto kitabu.

Riwaya pendwa ni nini?

Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa. Inapoitwa pendwa, maana yake imeandikwa ili isomwe na watu wengi, kwa lugha nyepesi, na ili msomaji asiiweke chini mpaka aimalize.

Wataalamu wa fasihi huitofautisha na riwaya dhati, yaani ile inayochimba matatizo ya jamii na ya nafsi, ambayo mara nyingi ndiyo inayofundishwa shuleni. Mpaka kati ya mbili hizi si ukuta. Riwaya ya upelelezi inaweza kueleza rushwa kwa undani kuliko hotuba, na riwaya ya shuleni inaweza kusisimua.

Kinachoitambulisha riwaya pendwa hasa ni ahadi yake. Ukifungua hadithi ya upelelezi, unaahidiwa kwamba siri itafichuka. Ukifungua ya mapenzi, unaahidiwa kujua kama wawili wale watapatana au la. Mwandishi anayevunja ahadi hiyo huwakera wasomaji wake, na anayeitimiza kwa njia ambayo hawakuitarajia ndiye wanayemtafuta tena.

Zilianzaje kwa Kiswahili?

Hadithi ndefu za kusisimua zilianza kuchapwa kwa Kiswahili enzi za ukoloni, na nyingi zilikuwa tafsiri. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji kukutana na hadithi kwenye karatasi. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri mbili zilizopendwa kwa miaka mingi: Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotungwa na H. Rider Haggard, na Kisiwa chenye Hazina, iliyotungwa na Robert Louis Stevenson. Zote mbili ni hadithi za safari, hatari na mali iliyofichwa.

Tafsiri hizo zilikuwa na kasoro. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani shujaa ni mwindaji Mzungu, na Waafrika wengi ni wapagazi au wapiganaji wanaomzunguka. Msomaji wa Tanganyika alipewa msisimko, lakini mwenye akili na maamuzi alikuwa mgeni.

Hali hiyo ilibadilika kupitia Mzanzibari mmoja, Muhammed Said Abdulla. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki lililofanyika miaka ya 1957 na 1958, kisha ikachapwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko chake, anayetatua fumbo la mauaji kwa kufikiri. Wengine wanapohofia mzimu, yeye anauliza maswali na kupima majibu. Abdulla alimsoma vizuri Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle, lakini Bwana Msa anaongea, anatania na kuishi Kizanzibari.

Bwana Msa aliendelea kuonekana katika vitabu vingine, vikiwemo Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Hadithi za upelelezi na taharuki

Taharuki ni ile hali ya moyo kwenda mbio kwa kutojua litakalotokea. Ndiyo roho ya hadithi za upelelezi na ujasusi, na ndiyo aina iliyokua zaidi Tanzania Bara.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, yenye mpelelezi wa polisi aitwaye Inspekta Wingo. Wakati huo simu ilikuwa kitu cha ofisi na cha nyumba chache za mjini, kwa hiyo jina la kitabu peke yake lilitosha kumtia mtu hamu ya kukifungua.

Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Gamba si polisi wa kawaida, ni jasusi wa taifa. Kazi zake zinahusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, na jambo hilo halikuwa la kubuni tu: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Katika Kikosi cha Kisasi, kilichotoka mwaka 1979, Gamba anapelekwa Kinshasa. Baadaye kikafuata Njama. Msomaji wa kijijini aliyesikia habari za Msumbiji, Rhodesia na Afrika Kusini redioni aliweza kuziishi kupitia kijana wa Kitanzania anayepanda ndege na kuwazidi maarifa maadui.

Kisha akaja Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008. Shujaa wake ni Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, ambaye katika visa kadhaa hufuatana na mwanamke aitwaye Nuru. Vitabu kama Tutarudi na Roho Zetu?, Salamu Toka Kuzimu na Malaika wa Shetani vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Mtobwa aliandika pia Dar es Salaam Usiku, iliyotoka mwaka 1990, inayoonyesha upande wa jiji ambao mgeni kutoka shamba haoneshwi anaposhuka kwenye basi. Tena alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, badala ya kusubiri mashirika makubwa.

Wengine wa kizazi hicho ni Edi Ganzel, mwandishi wa Ndoto ya Mwendawazimu na Kijasho Chembamba, na Hammie Rajab, mwandishi wa Ufunguo wa Bandia na Roho Mkononi. Rajab ana kitabu kinachotugusa karibu: Miujiza ya Mlima Kolelo. Kolelo ni jina linalojulikana sana mkoani Morogoro, kwa kuwa ni mahali penye heshima ya kimila katika milima ya Uluguru. Hadithi ya kusisimua si lazima ianzie London wala Kariakoo.

Ukitaka kupima hadithi ya upelelezi, jiulize hivi: mwandishi alinipa dalili zote kabla ya kufichua siri? Kama muuaji ni mtu ambaye hakuwahi kutajwa mpaka ukurasa wa mwisho, umedanganywa. Kama alikuwa mbele ya macho yako muda wote na hukumtambua, umepata ulichokitafuta.

Hadithi za mapenzi

Hizi ndizo zinazosomwa na watu wengi bila kukiri. Ulaya na Marekani zimekuwa biashara kubwa kwa muda mrefu. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ilianza Canada mwaka 1949. Vitabu vyao vina kanuni moja isiyovunjwa: mwishoni wapendanao lazima wapatane.

Hadithi za mapenzi za Kiswahili hazikufuata kanuni hiyo. Nyingi huishia kwenye majuto, ugonjwa, kifo au funzo, kwa sababu zimerithi tabia ya ngano za jioni ambapo msimulizi humalizia kwa kuonya. Tazama tu majina ya vitabu viwili vya John Simbamwene: Mwisho wa Mapenzi, cha mwaka 1971, na Kwa Sababu ya Pesa, cha mwaka 1972. Mapenzi na pesa hutembea pamoja katika hadithi zetu, na adui wa wapendanao huwa ni umaskini, wazazi, mjini au tajiri mwenye gari.

Kuna lawama moja ya kweli juu ya aina hii. Kwa muda mrefu waandishi wengi walikuwa wanaume, na wanawake wao walikuwa wa sampuli mbili: mshawishi anayemponza mwanamume, au mnyonge anayelia. Ndiyo maana kazi za wanawake zina uzito wake. Zainab Burhani, katika Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa vya miaka ya 1980, aliandika juu ya ndoa, mali na hadhi akiwa ndani ya nyumba, si dirishani.

Tangu miaka ya 1990 hadithi za mapenzi zilihamia kwa nguvu kwenye magazeti ya udaku. Eric Shigongo, mmiliki wa Global Publishers, aliwapata wasomaji wengi kwa hadithi za mfululizo ambazo baadaye ziligeuzwa vitabu, kama Rais Anampenda Mke Wangu. Ufundi wake ni wa kukata: kila toleo linaishia mlango unapogongwa. Anayesoma gazeti la wiki iliyopita kijijini, kwa kuwa limechelewa kufika, naye hubaki na swali lile lile.

Hadithi za makoboi

Aina hii ilizaliwa Marekani. Vitabu viwili vilivyoipa umbo lake ni The Virginian cha Owen Wister, mwaka 1902, na Riders of the Purple Sage cha Zane Grey, mwaka 1912. Afrika Mashariki iliwafahamu makoboi zaidi kwenye sinema. Miaka ya 1960 na 1970 kumbi za mijini zilijaa watu waliokwenda kutazama filamu za makoboi, hasa zile zilizotengenezwa na Waitaliano, kama Django ya mwaka 1966. Kwenye vitabu vya Kiswahili aina hii haikujijenga kama upelelezi na mapenzi.

Hata hivyo inafaa kuieleza, hasa kwa wasomaji wa Kilosa, kwa sababu ukiiondolea kofia na bastola inabaki habari ya ardhi, ng'ombe na sheria iliyo mbali.

Makoboi wa kweli walikuwa wachungaji wa kuajiriwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, waliswaga makundi makubwa ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas, ambako mifugo ilipakiwa kwenda sokoni. Wengi wao walikuwa watu weusi na Wameksiko, jambo ambalo filamu nyingi za zamani zililificha. Kazi hiyo ilidumu takribani miaka 20 tu. Mwaka 1874 mkulima Joseph Glidden alipata hataza ya waya wa miiba wa aina yake, na waya huo ukaenea haraka. Wenye mashamba wakazungushia uzio, njia za ng'ombe zikakatika, na ugomvi wa malisho na maji ukaongezeka.

Reli, ng'ombe, shamba lililolishwa usiku, kituo cha polisi kilicho mbali: msikilizaji wa bonde la Mkondoa hahitaji kufafanuliwa. Wilaya ya Kilosa imeonja uchungu wa migogoro ya wakulima na wafugaji, na watu wamepoteza maisha. Hadithi dhaifu ya makoboi humfanya mmoja kuwa mwema na mwingine kuwa shetani, kisha risasi inamaliza kesi. Hadithi nzuri huonyesha kwamba kila upande una watoto wa kulisha, na kwamba anayefyatua kwanza haachi amani nyuma yake. Atakayeandika hadithi hiyo kwa Kiswahili, kutoka hapa, hatakuwa na haja ya kuazima mandhari ya Texas.

Hadithi za watoto na vijana

Watoto wa Kiswahili hawakuanza na vitabu. Walianza na sungura, fisi na Abunuwasi, midomoni mwa bibi na babu. Vitabu vya kujisomea kwa raha vilikuja kwa uchache, na kwa miaka mingi mtoto wa kijijini hakuona kitabu kingine zaidi ya kile cha darasani.

Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Njia yake ilikuwa ya busara: mchapishaji akikubali kuchapa kitabu kizuri cha watoto kwa Kiswahili, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka kwenye shule za msingi, zikiwemo za vijijini. Mchapishaji hapati hasara, na mtoto anapata kitabu.

Kwa vijana wakubwa kidogo, vipo vitabu vinavyosomeka kwa raha hata bila mwalimu. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kinaeleza maisha ya watoto maskini wa jijini. Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba ni hadithi ya safari na vituko inayomzungusha msomaji mdogo sehemu nyingi za Tanzania. Kutoka Kenya, Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996, kinaanzia Tanga na kumfuata kijana Kongowea Mswahili anayemtafuta baba yake. Walibora alifariki mwaka 2020, na kitabu hicho bado kinatajwa na watu wengi kama ndicho kilichowafanya wapende Kiswahili.

Kuna pia hadithi za picha. Jarida la Sani, ambalo jina lake limetokana na majina ya waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwafundisha vijana wengi kusoma kwa kuwachekesha kupitia watu kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa.

Mzazi aangalie nini? Jambo la kwanza ni umri. Jalada lenye picha ya mtoto si dhamana. Soma kurasa tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya kuelekea mwisho. Hadithi ya vijana inaweza kuzungumzia kifo, ulevi au mimba za utotoni, na wakati mwingine inapaswa kufanya hivyo. Tofauti iko kwenye namna: je, inamsaidia kijana kuelewa, au inamwonyesha ili asisimke tu? Jambo la pili ni lugha. Mtoto anayejikwaa kila mstari ataacha. Mpe kitabu chepesi kuliko uwezo wake kidogo, akimalize, aombe kingine.

Zilifikaje vijijini?

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 ilibadilisha hali hiyo kwa kasi, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa waliobaki bila kujua kusoma ni kama 10 kwa kila watu wazima 100.

Lakini aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, husahau. Serikali ililijua hilo, ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya wasomaji wapya kama Elimu Haina Mwisho. Riwaya pendwa zikaziba pengo lililobaki. Zilikuwa fupi, za bei nafuu, zinaingia mfukoni, na zilisafiri na watu: mwanafunzi anayerudi likizo, mfanyakazi wa reli, utingo wa lori, mwalimu aliyehamishwa. Kitabu kimoja kilisomwa na watu wengi, na wasiojua kusoma walisomewa.

Redio nayo ilifanya sehemu yake. Michezo ya Radio Tanzania kama Pwagu na Pwaguzi iliwakusanya watu kwenye redio moja. Mwaka 1993 ulianza mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju anayepita na wanawake njiani na kuambukizwa virusi vya UKIMWI, huku mkewe Tunu akibaki na mzigo wa familia. Kwa muda wa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Waliona kwamba sehemu zilizousikia zilibadilika zaidi katika mambo kama matumizi ya uzazi wa mpango. Hadithi ya kubuni iliyotungwa kwa makini iliweza kubadilisha mazungumzo ya mume na mke nyumbani.

Nguvu hiyo ina upande wake wa pili. Hadithi inayorudia kwamba kila ugonjwa ni uchawi wa jirani, au kwamba mwanamke akipigwa ndipo anapendwa, nayo inaingia kichwani. Kusoma kwa raha hakumzuii mtu kukataa.

Kwa nini wengine walizibeza?

Kuanzia miaka ya 1970 baadhi ya wasomi walisema riwaya pendwa ni za kupoteza muda, kwamba zinaiga majasusi wa Kizungu kama James Bond, na kwamba zimejaa pombe, ngono na bastola wakati taifa linahimiza kilimo. Sehemu ya lawama hiyo ilikuwa na haki. Zipo hadithi zilizoandikwa haraka, zenye makosa ya lugha na mashujaa wasiopigwa hata risasi moja kati ya mia.

Lakini kuna jambo lawama hiyo ililisahau. Mtu hajifunzi kusoma haraka kwa kusoma vitabu vigumu vitatu. Husoma vyepesi thelathini, jicho likazoea, kisha siku moja kigumu hakimtishi. Mkulima anayeweza kusoma mkataba wa shamba, maelekezo ya dawa ya kuulia wadudu au barua ya serikali ya kijiji bila kumtegemea mtu, huenda mazoezi yake aliyapata kwa Joram Kiango.

Hadithi kwenye simu: nani analipwa?

Duka la vitabu vya hadithi ni gumu kulipata vijijini, lakini simu zipo. Waandishi wa leo, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuchapa kitabu, huweka hadithi Facebook na WhatsApp sehemu kwa sehemu. Kawaida sehemu za mwanzo ni za bure. Hadithi ikifika pabaya, mwandishi anatoa namba ya kulipia kwa simu ili utumiwe zilizobaki. Wengine husoma hadithi kwa sauti na kuziweka YouTube kama simulizi, jambo linalowafaa wasioona vizuri au wanaopalilia huku wakisikiliza. Ni ule ule mtindo wa "itaendelea", umehama tu kutoka gazetini.

Kwa mwandishi, njia hii inaweza kuwa na faida. Kwa kitabu cha karatasi, mrabaha huwa mara nyingi karibu asilimia 10 ya bei. Kitabu cha shilingi 10,000 humpa mwandishi kama shilingi 1,000. Kwenye simu, msomaji akilipa shilingi 1,000 moja kwa moja, mwandishi anapata karibu yote.

Tatizo ni wizi. Mtu mmoja ananunua, anaisambaza kwenye makundi kumi, na mwandishi anaacha kuandika. Vitabu vya zamani vinapigwa picha na kugawanywa vile vile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, vitabu vya Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, bado ni mali ya warithi wake kwa miaka mingi ijayo. Mwandishi anayetaka kusajili kazi yake au kulalamika huenda COSOTA.

Mambo ya kufanya kabla hujalipa au kupakua

Soma sehemu zote za bure kwanza. Kama mwandishi ameshindwa kukuvuta bila malipo, hatakuvuta baada ya malipo.

Uliza kama hadithi imekamilika. Wengine huanza kuuza kabla hawajamaliza, na msomaji huachwa njiani.

Unapotuma pesa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa tofauti na la mwandishi, uliza kwanza. Asiwepo mtu wa kukuomba namba yako ya siri kwa ajili ya hadithi.

Angalia bando. Hadithi ya maandishi hutumia data kidogo sana. Simulizi ya sauti hutumia zaidi, na ya video zaidi ya hapo. Ukipata mtandao mzuri Kilosa mjini au Mikumi, pakua ukasome nyumbani bila mtandao.

Kwa watoto, tafuta vya bure vilivyo halali. African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, ina hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na wenyewe wameruhusu zisomwe na kusambazwa bure. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao ya vitabu vya shule.

Ukienda Morogoro mjini, ipo Maktaba ya Mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Uliza utaratibu wa kujiunga na kuazima.

Na kama wewe mwenyewe una hadithi, yapo mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Ipo pia Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Fuatilia matangazo yao, soma masharti, na uandike kwanza hadithi yote mpaka mwisho. Muhammed Said Abdulla naye alianzia kwenye shindano.